Yangeyange na Kulasitara katika Nchi ya Silanga

Mgeni aingiaye Machakos wakati wa kiangazi, akaona vilima vyekundu, mito iliyobaki mchanga mtupu na mbuzi wakitafuta majani katikati ya miiba, hawezi kudhani kuwa hiyo ni nchi ya ndege wa majini. Lakini mtu apitaye alfajiri kando ya silanga, yaani bwawa la udongo kama Wakamba waliitavyo, mara nyingi hukuta mmoja wao. Pengine ni ndege mrefu wa kijivu asimamaye kimya majini kama kigogo kilichokauka. Pengine ni kundi la ndege weupe wakiwafuata ng'ombe wanaokwenda kunywa. Wapo hapo kwa sababu maji yapo, na maji mengi ya Machakos yapo kwa sababu watu waliyazuia kwa mikono yao wenyewe.

Yafaa mkulima awajue ndege hawa vizuri, kwa sababu mbili. Kwanza, faida yao katika shamba na malisho ni kubwa kuliko hasara yao. Pili, hali yao ni ushahidi wa hali ya maji, na maji hayo ndiyo anywayo mkulima mwenyewe pamoja na watoto wake na mifugo yake.

Majina na sura

Watu wengi huwaita ndege wote wenye miguu mirefu kwa jina moja, korongo. Lakini Kiswahili kina majina zaidi. Wale weupe huitwa yangeyange, na ndugu zao wa rangi ya kijivu, ya kahawia au nyeusi huitwa kulasitara. Hao wote ni jamii moja, na korongo ni jamii nyingine.

Njia nyepesi ya kuwatenga ni kuwatazama warukapo. Korongo hunyoosha shingo mbele kama mkuki. Kulasitara na yangeyange huikunja shingo mfano wa herufi S, na kukilaza kichwa kati ya mabega. Shingo hiyo ndiyo silaha yao. Mifupa yake imeungwa kwa namna ambayo huiwezesha kukunjwa na kuachiliwa ghafula, kama mshale unavyotoka katika upinde, hata samaki au chura hushikwa kabla hajapata nafasi ya kugeuka.

Yuko pia ndege wa kahawia mwenye kichwa mfano wa nyundo, ajengaye kiota kikubwa mno cha vijiti katika panda za miti ya mtoni. Huyo ni fundichuma. Ingawa huvua mahali pamoja nao, yeye si wa jamii yao, bali ana jamii yake peke yake.

Kila mmoja na namna yake

Mkubwa kuliko kulasitara wote duniani ni yule ambaye wataalamu wamempa jina la Goliathi, lile jitu la Biblia. Asimamapo aweza kufikia kimo cha meta moja na nusu, na kichwa na shingo yake ni vya rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu. Huyu hutaka maji mapana yenye samaki wakubwa, kwa hiyo bwawa la Masinga humfaa kuliko silanga ndogo. Hana haraka. Aweza kusimama muda mrefu sana asipige hata mara moja, kwa kuwa samaki mmoja mkubwa humtosha.

Kulasitara wa kijivu ni mdogo kuliko Goliathi, naye ana kichwa cheupe chenye ukanda mweusi upitao juu ya jicho. Huyu ni mvuvi hasa, na mahali pake ni maji ya kina kifupi. Ndugu yake mwenye kichwa cheusi hufanana naye kwa kimo, lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Huonekana mbali na maji, akitembea polepole katika mashamba yaliyovunwa na katika nyasi kavu, akitafuta panya, panzi, mijusi na nyoka wadogo. Mkulima aliyeweka mahindi ghalani na kuona jinsi panya wayaharibuvyo hana sababu ya kumfukuza ndege huyu.

Yangeyange mkubwa ni mweupe mtupu na hukaribia kimo cha meta moja. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya manjano, mtu adhani amevaa soksi. Vidole hivyo ni chombo cha kazi: huutikisa mguu mmoja ndani ya tope, na wadudu na samaki wadogo waliojificha wakishtuka na kukimbia, yeye huwadaka. Yangeyange wa ng'ombe ni mfupi kuliko hao, ana shingo nene na mdomo wa manjano, na wakati wa kutaga kichwa, kifua na mgongo wake hupata manyoya ya rangi ya chungwa iliyopauka.

Wako wengine wasioonekana kwa urahisi. Kulasitara wa usiku, mwenye macho mekundu, hulala mchana katika miti yenye kivuli na kutoka jua litukapo. Kulasitara mdogo mwenye mgongo wa kijani hujificha katika matawi yainamayo juu ya maji. Katika nchi kadhaa za dunia ndege wa aina hii ameonekana akifanya jambo la ajabu: huchukua mdudu, unyoya au kipande cha mkate, akakitupa juu ya maji, kisha akangoja samaki aje kukionja. Kulasitara mweusi, apatikanaye pia katika Kenya, yeye huyafunika mabawa yake mbele ya kichwa kama mwavuli, akawatazama samaki ndani ya kivuli alichokifanya.

Zaidi ya wenyeji hawa, wako wageni. Kati ya Oktoba na Aprili, Ulaya na Asia zikiwa katika baridi, baadhi ya kulasitara wa huko huja Afrika ya Mashariki kuungana na ndugu zao. Tena karibu na Mei, kutoka upande mwingine kabisa, huja kulasitara wa Madagaska. Huyu hutaga kisiwani kwao wakati wa mvua, kisha huvuka bahari na kukaa katika maji ya bara letu la mashariki hata Oktoba. Awapo kwao wakati wa kutaga huwa mweupe. Ajapo huku huwa na mgongo wa kahawia na kifua chenye mistari, basi ni rahisi kumchanganya na ndugu yake mdogo wa hapa. Kulasitara wa Madagaska amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, na waliobaki duniani wanahesabiwa kwa maelfu machache tu. Kwa ndege kama huyo kila bwawa lililosalimika lina thamani yake.

Maji yaliyozuiwa na watu

Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka, moja ya Machi hadi Mei na nyingine ya Oktoba hadi Desemba, na kati ya hizo mbili wakulima wengi huitegemea zaidi hiyo ya mwisho wa mwaka. Mvua yenyewe hunyesha kwa nguvu kwa siku chache, kisha hukoma. Maji yasipozuiwa hukimbia na udongo hadi mto Athi, na kutoka hapo, kwa majina ya Galana na Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Historia ya kuyazuia maji haya si ya furaha tupu. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kilimo aliyeshughulika na hifadhi ya udongo, aliandika ripoti iliyoonyesha kuwa nchi ya Wakamba imeharibika vibaya kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ilipojaribu kupunguza ng'ombe kwa kuwauza kwa nguvu, maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi mwaka 1938 wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakataka mifugo yao irudishwe. Mpango ule wa nguvu ulishindwa. Kazi ya matuta na silanga ilikuja kufanikiwa zaidi katika miaka ya 1950, watu walipoifanya kwa mwethya, yaani kwa vikundi vyao wenyewe vya kusaidiana. Katika miaka hiyo hiyo mfereji wa Yatta, uletao maji kutoka mto Thika, ulichimbwa kwa jasho la watu waliotiwa kizuizini siku za Mau Mau. Baadaye, mwaka 1981, bwawa la Masinga lilikamilika katika mto Tana, kwenye mpaka wa kaskazini wa Machakos. Lijaapo huwa na eneo la kilometa za mraba zipatazo 120.

Hakuna aliyechimba silanga kwa ajili ya ndege. Zilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, mboga na mitungi ya maji. Hata hivyo, maji yakishakaa mahali, vyura hutaga, wadudu huzaana, matete huota kandokando, na samaki hufika au huletwa. Ndipo kulasitara hufika. Humo Masinga, katika bwawa la Maruba linaloupa mji wa Machakos maji, katika madimbwi ya mto Athi chini ya Kilima Mbogo, katika mabwawa ya mchanga na katika silanga zisizo na jina, ndege hawa wamepata nchi mpya iliyotengenezwa na binadamu.

Ng'ombe, panzi na kupe

Mfugaji yeyote amemwona yangeyange akitembea karibu na mdomo wa ng'ombe au akisimama mgongoni mwake. Watu wengi husema kuwa anakula kupe. Maneno hayo yana ukweli kidogo tu. Kupe humla anapompata, lakini uchunguzi wa chakula chake umeonyesha kuwa sehemu kubwa ni panzi, nyenje, nzi, buibui na vyura. Ng'ombe atembeapo, nyasi hutikisika na wadudu huruka. Yangeyange hungoja hapo hapo na kuwadaka. Kwa njia hiyo hupata chakula kingi zaidi kwa hatua chache kuliko angetafuta peke yake. Hufanya vivyo hivyo nyuma ya jembe la kukokotwa na nyuma ya trekta.

Kwa hiyo mfugaji asidhani kuwa kundi la yangeyange laweza kuchukua mahali pa josho au dawa. Ndigana na magonjwa mengine ya kupe hayazuiwi na ndege. Lakini panzi wanaoliwa malishoni ni panzi ambao hawatakula nyasi za ng'ombe wala miche ya mtama, na kazi hiyo hufanywa kila siku bila mshahara.

Sifa ya yangeyange wa ng'ombe imevuka bahari. Zamani alikuwa ndege wa Afrika na sehemu za Asia na kusini mwa Ulaya. Karibu na mwaka 1877 alionekana Suriname, Amerika ya Kusini, baada ya kuvuka Bahari ya Atlantiki bila kupelekwa na mtu. Huko misitu ilikuwa imekatwa na malisho ya ng'ombe yameongezeka, naye akakuta kazi yake ikimngoja. Mwaka 1941 alifika Florida katika Marekani, na mwaka 1953 akaonekana akitaga huko. Mwaka 1959 watu wa visiwa vya Hawaii walimleta kwa makusudi ili awapunguze nzi waliowasumbua ng'ombe. Ni ndege wachache sana wa Afrika waliosafiri mbali namna hiyo kwa kuufuata ukwato wa ng'ombe.

Bei ya unyoya

Uzuri wa yangeyange ulikuwa karibu kuwamaliza katika nchi nyingine. Wakati wa kutaga, yangeyange mkubwa na mdogo huota mgongoni manyoya marefu, mepesi kama uzi wa hariri. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake matajiri wa Ulaya na Marekani waliyapamba kofia zao kwa manyoya hayo, na bei yake ikapanda hata kuzidi bei ya dhahabu ya uzito ule ule. Kwa kuwa manyoya huota wakati wa kutaga tu, wawindaji waliwapiga ndege hao viotani. Wazazi walichunwa, na makinda yakaachwa yafe kwa njaa na jua.

Waliosimama kuyakomesha mambo hayo walikuwa hasa wanawake. Katika Uingereza walianzisha chama cha kuwalinda ndege mwaka 1889, na katika mji wa Boston, Marekani, walianzisha chama kama hicho mwaka 1896. Waliwashawishi wenzao waache kuvaa manyoya, kisha wakazisukuma serikali zao kutunga sheria. Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa kwa manyoya hayo mwaka 1921. Yangeyange wakaongezeka tena. Jambo hili lafundisha kwamba ndege wengi wanaweza kupungua upesi sana, na kwamba watu wa kawaida wakiamua jambo, uharibifu waweza kuzuiwa.

Malalamiko ya mfuga samaki

Si haki kusema kuwa ndege hawa hawana hasara. Tangu mwaka 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, kila moja la meta za mraba 300, katika majimbo mengi ya Kenya, wakulima wengi wameanza kufuga perege na kambare. Mtu aliyenunua vifaranga vya samaki kwa fedha zake, akaamka asubuhi na kumkuta kulasitara wa kijivu akiwameza mmoja mmoja, ana haki ya kukasirika. Lakini hakuna masika yasiyo na mbu, na kumwua ndege hakuondoi taabu hiyo. Akifa mmoja, mwingine huja, maana kilichomleta wa kwanza bado kipo.

Dawa iliyo bora ni kulichimba bwawa vizuri. Kulasitara si bata. Hawezi kuvua akiogelea, bali hutaka kusimama. Bwawa lenye kingo zilizochongwa wima, na maji yenye kina cha sentimeta 60 au zaidi tangu ukingoni, humnyima mahali pa kuweka mguu. Nyavu zilizotandazwa juu ya bwawa dogo la vifaranga huwakinga kabisa, ikiwa zimekazwa vizuri ili ndege asinaswe. Nyuzi zilizovutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, zikipishana, humtia ndege wasiwasi wa kutua. Mbwa na watu wapitao mara kwa mara husaidia pia.

Tena mfuga samaki akumbuke kuwa si kila kinachomezwa ni samaki wake. Kulasitara hula vyura na wadudu wakubwa wa majini, na baadhi ya wadudu hao, kama watoto wa kereng'ende, huwala vifaranga wachanga. Katika silanga ya kijiji, isiyofugwa samaki wa kuuza, hasara ya ndege hawa haipo.

Viota na miti

Jamii hii hupenda kutaga kwa pamoja. Mti mmoja mkubwa, mgunga au mkalitusi, waweza kubeba viota vingi vya vijiti. Mara nyingine aina mbili au tatu hukaa katika mti mmoja, kila aina na tawi lake. Kulasitara mwenye kichwa cheusi hachelei kujenga karibu na nyumba, hata katikati ya mji. Mayai ni ya rangi ya buluu iliyopauka, na mume na mke hupokezana kuyalalia. Mayai ya yangeyange wa ng'ombe huanguliwa baada ya siku zipatazo 24, na kinda huweza kuruka akiwa na umri wa karibu mwezi mmoja. Miaka ya njaa kinda aliyetoka mwisho mara nyingi hufa, kwa kuwa wakubwa wake humnyang'anya chakula.

Mti wa viota una kelele na harufu, nao huchafua chini yake. Hii ndiyo sababu watu huukata. Mtu akiukata wakati makinda hayajaweza kuruka, kizazi kizima cha ndege wa mitaa mingi huangamia kwa siku moja. Ikiwa mti hauna budi kukatwa, uchungu hupungua kazi ikingojwa hadi makinda yaondoke. Na apandaye miti kando ya silanga hupata faida mara mbili: mizizi huushika ukingo usibomoke, na matawi huwapa ndege makao mbali na paa lake.

Yanayowaua

Hatari kubwa kwa yangeyange na kulasitara leo si bunduki wala manati. Ya kwanza ni sumu. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti walieleza jinsi watu walivyotumia dawa ya wadudu iitwayo kabofurani kuwatega ndege wa mashamba ya mpunga, hasa korongo, kisha wakawauza kwa chakula. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuacha kuiuza Kenya, baada ya habari kuenea kuwa ilitumiwa hata kuua simba. Somo la Bunyala lawahusu watu wa Machakos vile vile. Ndege aliyeuawa kwa sumu hubeba sumu hiyo hadi chunguni. Tena dawa inayopigwa mbogani huoshwa na mvua ya kwanza hadi silanga. Wadudu na samaki huila, ndege huwala hao, na ng'ombe huyanywa maji hayo hayo.

Hatari ya pili ni uchafu wa miji na viwanda. Mto Athi hupokea maji ya mito ipitayo Nairobi, nayo hufika Machakos yakiwa na kila kitu kilichotupwa humo. Gugu maji huota juu ya maji yaliyojaa taka na kuyafunika, na ndege avuaye kwa macho hawezi kuona kitu chini yake. Wanaoumia zaidi si ndege, bali ni familia zinazomwagilia mboga na kuteka maji chini ya mto.

Hatari ya tatu ni kuchimba mchanga. Mito ya Machakos ionekanayo mikavu huficha maji ndani ya mchanga wake, na madimbwi yabakiayo wakati wa kiangazi ndiyo yanayowaweka hai samaki, ndege na ng'ombe. Malori yakiuchukua mchanga wote kwenda kujenga majumba mjini, maji hayana tena pa kujificha. Mto huwa jiwe tupu, na akina mama huongezewa mwendo wa kutafuta maji.

Yawezekanayo kufanywa

Kijiji chenye silanga chaweza kufanya mambo machache yasiyogharimu fedha nyingi. La kwanza ni kuacha ukanda wa nyasi na matete usiolimwa kuizunguka silanga, ili udongo na dawa visiingie kwa wepesi. La pili ni kuwapa ng'ombe njia moja ya kufikia maji, au birika nje ya silanga, wasikanyage ukingo wote. La tatu ni kutoosha mabomba ya dawa majini, wala kutupa humo makopo yake. La nne ni kuondoa tope kwa zamu za mwethya wakati wa kiangazi, silanga ikiwa imekauka, lakini upande mmoja uachwe na kina kifupi, maana ndege hutaka mahali pa kusimama.

Waalimu nao wana kazi nzuri hapa. Tangu mwaka 1991 watumishi wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na watu wajitoleao, wamekuwa wakiwahesabu ndege wa majini wa Kenya katika mwezi wa Januari, kuanzia maziwa ya Bonde la Ufa na mabwawa ya karibu na Nairobi. Hesabu kama hiyo yaweza kufanywa na watoto wa shule yoyote kwa daftari na kalamu. Wakiandika kila mwezi ni yangeyange wangapi na kulasitara wangapi waliokuwa katika silanga yao, na maji yalikuwa ya kimo gani, baada ya miaka mitatu watakuwa na habari ambayo afisa wa maji na bwana shamba wangefurahi kuipata.

Kiangazi kikizidi na silanga ikikauka, kulasitara huruka kwenda Masinga au kwenye madimbwi ya Athi, na hilo si jambo la kumtisha mtu. Lakini mvua ikinyesha, silanga ikajaa, vyura wakalia usiku, na hata hivyo mwezi ukapita pasionekane mguu mmoja mrefu ukingoni, wazee wa kijiji wana sababu ya kuulizana ni kitu gani kimeingia katika maji yao, kabla hawajawapelekea ng'ombe, na kabla hawajawatuma watoto kuteka.